Wanaojibu Cherehani

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yangu, umfikishie kwa sauti, usimung'unye maneno kama kawaida yako ukiwa na pini mdomoni.

Mimi mzima. Tumehamishiwa ghala jingine, kubwa kuliko lile la kwanza. Mahindi yamepangwa mpaka karibu na mabati, na fukusi wameyavamia kama wageni wasioalikwa. Kazi ni ileile. Tunavaa barakoa, tunafunika magunia kwa turubai, tunaweka dawa, tunatoka nje na kukaa kusubiri sumu ifanye kazi yake. Huko kusubiri ndiko kunakochosha, na hapo ndipo Mkuu wetu wa kikosi anapotusimulia mambo ya wadudu. Mtu huyu ameishi na wadudu miaka mingi kuliko alivyoishi na mkewe.

Basi msomee Baba hii, polepole. Mende ukimkata kichwa hafi papo hapo. Anaendelea kutembea siku kadhaa, hata wiki nzima, kwa sababu hapumui kwa mdomo wala pua, anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni. Kinachomuua mwisho wa yote ni kiu, maana mdomo wa kunywea umebaki kule kwenye kichwa. Mkuu alipotuambia tuliguna, tukadhani anatia chumvi, akakamata mmoja na kutuonyesha. Sasa Baba aliyenipachika jina la Mende, eti kwa kuwa kila nikifukuzwa kwa fimbo nilipita uvunguni mwa kabati nikatokea upande wa pili nacheka, ajue alinipa jina la mtu asiyekufa kirahisi.

Najua anavyozipenda habari hizi. Tangu macho yake yazimike, na nyundo na randa zake ziingie sandukuni, amebaki kuisoma nyumba nzima kwa masikio. Barua nampa Dereva wa lori la magunia kama siku zote. Akichelewa usihangaike. Ama lori limekwama, ama yeye amekwama kwa mwanamke.

Mdogo wako,
Mende

*

19 Februari

Mende,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dawa zenu hadi nikaianika kwenye kamba kama shati ndipo nikaifungua. Hivi mnazivuta hizo sumu au mnazipuliza? Jifunge vizuri hiyo barakoa, sitaki kuuguza watu wawili.

Baba amecheka hadi akapaliwa. Amenisomesha habari ya mende mara ya pili na ya tatu, kisha kila mteja anayeingia anasimuliwa. Juma lililopita kaja mama mmoja kupima gauni. Baba akamuuliza kutoka chumbani, "Mwanangu, unajua mende hupumua kwa wapi?" Yule mama hajarudi mpaka leo, na kitambaa chake ninacho.

Nina kazi ya sare za shule mpaka kooni. Cherehani nimeihamisha, sasa ipo sebuleni chini ya dirisha, imeegemea ukuta wa chumba cha Baba, maana pale ndipo penye mwanga. Nilidhani kelele zitamkera. Kasema iache hapohapo. Kasema nikikanyaga cherehani anajua nipo, na nikinyamaza anajua nimeinuka kwenda jikoni. Basi tunaishi hivyo, mimi upande huu wa ukuta na yeye upande wa pili kitandani kwake.

Kuna jambo alitaka nikuandikie. Nimemwambia nimeshaliandika. Sijaliandika, ni mambo ya uzee tu, na wewe ukianza kuyachekea atayashikilia. Tusichoshane.

Dada yako

*

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Umeanza lini kunikatia habari katikati? "Kuna jambo", halafu kimya. Ungeacha kabisa kusema. Mwambie Baba kama kuna kitu anataka kujua aniulize, nipo, na kama sikijui mimi Mkuu anakijua.

Haya, za safari hii. Konokono yule anayekula mboga zako kule uani ana meno maelfu, yamepangwa juu ya ulimi kama msasa. Na jua likizidi anajifungia ndani ya gamba lake akalala, si usiku mmoja, hata miaka miwili au mitatu, kisha mvua ikinyesha anaamka na njaa yake. Nzi naye anaonja kwa miguu. Akitua kwenye chakula chako hajatua kupumzika, ameshaanza kula kwa nyayo. Na kunguni akikosa damu anakaa miezi mingi bila kitu tumboni, amejibana kwenye ufa wa kitanda, mwembamba kama karatasi, anakungoja urudi. Tulikuta chumba cha walinzi kilichofungwa tangu msimu uliopita. Tukakaa kitandani dakika chache tu, wakatoka kutupokea. Mpaka leo najikuna.

Mwambie Baba pia kwamba Mkuu anayo habari ya mchwa ambayo amesema itamfurahisha seremala yeyote. Ameanza kutusimulia, turubai zikawa tayari tukaitwa. Nitaiandika kwenye barua ijayo, aingoje. Msimu wa ghala ukiisha nakuja nyumbani, safari hii kweli.

Mdogo wako,
Mende

*

25 Machi

Mende,

Marahaba. Baba hajambo. Barua yako nimemsomea nusu, kachoka, nusu nyingine nitamsomea akipata nafasi. Siku hizi anachoka haraka.

Nataka dawa ya panya. Wametoboa dari ya chumba cha Baba, ubao mmoja umeng'oka kabisa na uchafu ukamwagika hadi kitandani, udongo mtupu, nimefagia mpaka mgongo ukakataa. Nimegongelea kipande kingine juu yake. Baba naye aliteleza siku hiyohiyo akaumia nyonga, si sana, nimemkanda kwa maji ya moto. Usije ukaanza kuwaza mabaya ukiwa huko.

Shangazi amekuja kunisaidia. Unamjua, anasaidia kwa mdomo kuliko kwa mikono, lakini afadhali yupo. Mimi nashona mchana kutwa, nampikia Baba, namwogesha, namshika mkono kwenda chooni, halafu nakaa tena kwenye cherehani. Wewe unaandika mambo ya kuchekesha na yeye anasema, "Mende wangu ana akili." Sikulaumu. Ila uje.

Niambie habari za panya, wengine waache kwanza.

Dada yako

*

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekusikia. Nitakuja, niamini.

Nilikuwa nimekaa chini na kalamu tayari kumwandikia Baba ile habari ya mchwa, Dereva akaniletea barua yako. Basi umetaka panya, mchwa wasubiri.

Usitege sumu. Panya hawezi kutapika, hajaumbiwa, na kwa kuwa anajua hawezi, huonja kidogo sana kwanza. Akijisikia vibaya hakigusi tena chakula hicho maisha yake yote. Na akila sumu ya kutosha atakwenda kufia hukohuko darini, juu ya kitanda cha Baba, mtalala na harufu yake wiki nzima. Tega mtego wa kubana. Meno yake hayaachi kukua, lazima atafune kitu ayapunguze, ndiyo maana anatafuna hata waya ambao haumshibishi. Ziba matundu kwa saruji. Panya anapita penye tundu la ukubwa wa kidole gumba chako, usiseme "hapa ni padogo".

Ila kuna kitu kinanisumbua. Panya hamwagi udongo. Panya anamwaga mavi, matambara, makaratasi, maganda ya mahindi. Huo udongo ulikuwaje? Mkavu wa kupeperuka, au ulikuwa umegandamana kama uliofinyangwa kwa mate? Na ulitoka juu ya dari au ndani ya boriti yenyewe? Nijibu hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Na nyonga ya Baba inaendeleaje? Mtu anatelezaje kwenye chumba anachokijua kama kiganja chake?

Mdogo wako,
Mende

*

28 Aprili

Mdogo wangu,

Hakuna panya. Hajawahi kuwepo panya. Nilikudanganya, na nimechoka kudanganya, kwa hiyo kaa chini usome.

Baba yupo hospitali, wodi ya wagonjwa wa akili. Tulimpeleka juma lililopita, mimi na Shangazi.

Ilianza mwezi wa pili, baada tu ya kuhamisha cherehani. Nilikuwa nimesimamisha kushona ili nibadilishe uzi, Baba akasema kutoka chumbani, "Nani anagonga?" Nikamwambia hakuna mtu. Akasema wapo, wanagonga mbao kwa ndani, pigo fupifupi, wengi kwa pamoja. Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Wewe unajua masikio yangu, mtu akikanyaga cherehani miaka yote hii, ikinyamaza anabaki na mvumo kichwani. Kesho yake tena. Akaniita akaniambia polepole, kama mtu anayetoa siri, "Ukishona wananyamaza. Ukiacha, wanajibu. Wanaijibu cherehani yako."

Hilo ndilo jambo alilotaka nikuandikie. Alisema, "Mwandikie Mende, muulize ni kitu gani hiki, yeye atajua." Nikamwambia nimekuandikia. Ningekuandikia nini? Kwamba Baba anasikia watu ndani ya ukuta? Barua yako ya konokono ilipofika alikaa wima kitandani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na lile swali langu, hakujibu?" Nikamwambia bado. Hapo ndipo aliposema, "Basi, na yeye ananiona nimechanganyikiwa. Anipigie hadithi tu nilale." Ndiyo maana nikaacha kumsomea.

Akaanza kuwagongea. Anachukua bakora yake anagonga ukuta, anatega sikio, anagonga tena, anasema, "Umesikia? Wamerudisha." Wateja wakawa wanatazamana. Siku moja nilikuwa nje naanua nguo nikasikia kishindo. Baba alikuwa ametoa nyundo sandukuni, kapanda juu ya meza, kipofu vile, akang'oa ubao wa dari. Nilimkuta sakafuni, nyonga imeumia, kafunikwa na udongo kichwa kizima, ameshika konzi ya udongo ananinyooshea, anacheka. "Shika, mwanangu! Si nilikwambia? Humu ndani kuna watu!" Mimi niliona mavumbi ya zamani ya paa. Niliona mzee anayecheka amejaa udongo. Nikalia.

Shangazi alipofika alimsikiliza siku moja tu. Akaniita uani akaniambia, "Baba yetu alianza hivihivi. Alisikia watu. Unakumbuka alivyomalizia." Nakumbuka, Mende. Wewe ulikuwa mdogo. Babu alimalizia kwa kufungwa kamba kwenye mguu wa kitanda, watoto wa mtaa wanamchungulia dirishani. Nikasema Baba yangu hatafika huko, bora atibiwe mapema.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana hili ndilo linalonitafuna. Asingekubali kwenda. Nikamwambia tunakwenda kupimwa macho. Nikamwambia kuna daktari mpya, anaweza kuyarudisha. Alivaa shati lake jeupe, akanyoa, akaniomba nimchane ndevu. Njia nzima alikuwa ananiuliza siku hizi nimenenepa au nimekonda, kwa sababu alitaka aone kama atanitambua. Walipomshika mikono kule wodini akaniita kwa jina langu la utotoni. Sikugeuka. Shangazi aliniambia nisigeuke.

Wanamdunga sindano. Wanasema ametulia. Nyumba imekuwa kimya, na nitakwambia ukweli hata ukinichukia, siku ya kwanza niliufurahia ukimya huo. Nilishona hadi jioni bila mtu kuniuliza nani anagonga.

Umeuliza udongo ulikuwaje. Ulikuwa umegandamana. Kama ulivyosema, kama uliofinyangwa. Ulitoka ndani ya boriti. Kwa nini unauliza?

Dada yako

*

2 Mei

Dada,

Toka humo ndani. Kabla hujamaliza kusoma barua hii, toka, kamalizie kusomea nje.

Ni mchwa. Wamo ndani ya boriti na wamekula mpaka wakaishindilia udongo. Mchwa hali mbao kutoka nje uone, anapanda kwa ndani ya ukuta, anaingia ndani ya mbao, anakula moyo wake na kukuachia gamba la juu na rangi yake na vanishi yake. Ukiitazama, boriti. Ukiigusa kwa bisibisi, inaingia kama kwenye mkate. Wewe umegongelea ubao juu yake kwa misumari!

Na huko kugonga ni kwa kweli. Hiyo ndiyo habari ya mchwa niliyomwahidi, ndiyo hiyohiyo, nikaiweka kando uliponiuliza panya. Mchwa wana askari. Wana vichwa vikubwa, vigumu, na ni vipofu, hawaoni kabisa. Hata kula hawawezi wenyewe, wanalishwa na wafanyakazi mdomoni. Kazi yao ni kulinda. Mbao ikitikisika wanajua kuna hatari, wanagonga vichwa vyao kwenye mbao ili kupeana habari, mmoja anampasha mwingine, maelfu. Wakiwa wengi hivyo, mwenye sikio zuri anasikia. Umeegemeza cherehani kwenye ukuta ule. Unakanyaga, ukuta unatikisika, boriti inatikisika. Unaacha, wanasikika wakigonga. Baba akigonga kwa bakora, wanagonga tena. Alikuwa anakwambia kitu kilekile Mkuu alichotuambia, neno kwa neno, na hakuwahi kukisoma popote!

Baba si kichaa. Unanisikia? Alikuwa anaangalia paa la nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kwa njia pekee aliyobaki nayo.

Chukua barua hii umpelekee daktari, mwambie aniulize mimi, amuulize Mkuu. Wasimdunge tena. Na umsomee Baba mwenyewe, umwambie sikupata swali lake. Mwambie hivyo kabla ya kitu chochote. Asidhani nililipata nikalichekea.

Nimekasirika sana na sitaki kuandika maneno nitakayoyajutia. Ghala limefungwa lina sumu ndani, mimi ndiye niliyekabidhiwa mlango, siruhusiwi kuondoka mpaka turubai zifunuliwe. Zikifunuliwa tu nakuja. Dereva nimembembeleza asisimame popote, ameapa.

Mende

*

14 Mei

Mdogo wangu,

Dereva alitimiza kiapo chake. Barua yako ilinikuta uani, nimekaa kwenye sanduku la zana za Baba, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki cha kukalia. Paa lilikuwa limeshuka siku moja kabla.

Nilikuwa namalizia kola za zile sare. Sindano ikakatika, nikaacha kukanyaga ili niibadilishe, na nyumba ilivyokuwa kimya, bila Baba kuuliza, nikajikuta mimi ndiye ninayesikiliza. Nikawasikia. Mende, niliwasikia! Kama mtu anapigapiga kucha juu ya meza, wengi, halafu kimya, halafu tena. Unajua niliwaza nini? Sikuwaza paa. Nilisema, basi, na mimi imenipata. Babu, Baba, sasa mimi. Niliogopa kichwa changu, nikaacha kila kitu nikakimbilia nje mikono iko masikioni. Nilikuwa sijafika kwenye kamba ya nguo boriti ilipokatika. Haikulia kama mbao, ilitoa sauti ya gunia linaloanguka. Mabati yakafuata, kisha ukuta ule wa katikati. Kitanda cha Baba kimelala chini ya paa zima, na kiti changu kimelala chini ya ukuta. Majirani walinisifu eti nina machale.

Kwa hiyo tumenusurika wote wawili. Yeye kwa kuwa nilimwita kichaa, mimi kwa kuwa nilijiona kichaa.

Asubuhi yake nilikwenda hospitali na barua yako, na kipande cha boriti nimekifunga kwenye kanga, chepesi kama mkate mkavu. Daktari si mtu mbaya. Alisoma barua yote, akakivunja kile kipande kwa vidole, akashangaa, akasema inawezekana kabisa mzee alikuwa anasikia kitu. Kisha akasema, "Lakini hata hivyo anaendelea vizuri. Alipoingia alikuwa mkali, anagonga vitanda vya wenzake. Sasa hagongi, na hasikii chochote. Mkiwa tayari mnaweza kumchukua." Nikamwambia nyumba imeanguka. Akasema pole, basi wataendelea kumweka kwa sasa.

Baba wamemnyoa kichwa. Mikono inatetemeka hata ikiwa imelala mapajani. Nilimsalimia, akaitikia haraka kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimemletea jibu la swali lake. Nikamwambia nilimdanganya, kwamba wewe hukuwahi kulipata, kwamba kosa ni langu peke yangu. Akatikisa kichwa tu. Nikamsomea barua yako, polepole, kama anavyopenda. Nilipofika kwa wale askari vipofu wanaogonga vichwa, akageuza sikio upande wangu, ile namna yake, na midomo ikafunguka. Nikadhani sasa. Nikadhani atacheka.

Akauliza, "Daktari yupo hapa?"

Nikamwambia hayupo.

"Na nesi?"

"Tupo wawili tu, Baba."

Akakaa wima. Kisha akasema kwa sauti kubwa, sauti ya kusikika hadi kule mlangoni, "Mimi sisikii kitu. Sikusikia kitu. Yalikuwa mawazo tu, nimepona."

Nikalia, Mende, sikujizuia. Nikamwambia, "Baba, wapo, nimewasikia kwa masikio yangu, paa limeanguka, ulikuwa unasema kweli." Nikamwekea kile kipande mkononi. Mikono yake ikaacha kutetemeka. Naapa, iliacha. Akakipapasa upande wa juu wenye rangi, akakigeuza, akaingiza kidole gumba kwenye uwazi, akaupeleka udongo puani akaunusa. Nilimwona anajua. Alijua ni boriti ipi na aliinunua wapi na aliipandisha na nani. Halafu akakirudisha mapajani mwangu, akajipangusa vidole kwenye shuka, akasema, "Mimi sijui mambo ya mbao."

Nikasema, "Baba, ni mimi."

Akasema kwa upole sana, kama ananiomba, "Usinipime tena, mwanangu. Wanapima kila siku. Waambie nimepona."

Nesi alipita akatusikia, akampigapiga begani. "Mzee wetu huyu ana adabu," akaniambia. Baba akatabasamu kuelekea ilikotoka sauti yake. Kwangu hakugeuka tena mpaka nikaondoka.

Turubai zikifunuliwa usipitie kwangu, nipo kwa Shangazi, hakuna cha kuona. Nenda hospitali moja kwa moja. Kaa naye, msimulie mambo ya mende na konokono, usimuulize kitu, usimwekee chochote mkononi. Labda ukinyamaza kwa muda mrefu atakwambia mwenyewe alichosikia. Mimi hataniambia. Njoo, Mende. Mimi ananiogopa.

Dada yako